Kukimbia Kati ya Vijiji vya Kale vya Cotswolds: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wasemaji wa Kiswahili walioko Uingereza, wawe wamehamia, wanasoma au wamekuja kumwona ndugu, ambao wamechoka kuzunguka bustani ileile ya mjini na wanataka kukimbia mashambani. Nimeshikilia eneo moja, Cotswolds, badala ya kugusagusa nchi nzima. Mambo ya sheria yaliyomo yanahusu Uingereza na Wales kwa ujumla. Uskoti wana sheria yao, tena yenye ukarimu zaidi.

Cotswolds ni wapi, na kuna nini cha kumvuta mkimbiaji?

Ni nyanda za mawe ya chokaa zinazoanzia kusini mwa Stratford-upon-Avon hadi Bath, eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,000 ambalo limelindwa kisheria tangu 1966 kwa ajili ya mandhari yake. Upande wa magharibi ardhi inakatika ghafla na kushuka kwa mteremko mkali hadi bonde la mto Severn. Upande wa mashariki inateremka taratibu kuelekea Oxford. Mahali pa juu kabisa ni Cleeve Hill, mita 330 tu. Mtu wa Iten au Mbulu atacheka. Acheke, kisha aupande ule mteremko wa magharibi mara tano asubuhi moja.

Raha yake ni kwamba vijiji viko karibukaribu na vimeunganishwa kwa njia za miguu ambazo nyingi zilikuwepo kabla ya barabara za magari. Unatoka kijiji kimoja, unavuka mashamba mawili matatu na kijito, mnara wa kanisa la kijiji kinachofuata unaanza kuonekana. Nyumba, kuta na makanisa vimejengwa kwa jiwe la manjano lililochimbwa palepale.

Katika zama za kati utajiri wa hapa ulitembea kwa miguu minne. Wafanyabiashara waliuza sufu ya kondoo hadi Flanders na Italia, na faida wakaijengea makanisa makubwa kupita idadi ya waumini. Katika kanisa la Chipping Campden amezikwa mmoja wao, William Grevel, aliyefariki 1401. Nyumba yake bado imesimama kwenye barabara kuu ya mji. Karne nyingi baadaye viwanda vya mvuke vikaihamishia biashara ya nguo kaskazini, fedha ikakauka, na wenyeji wakakosa uwezo wa kubomoa na kujenga upya. Uzuri unaouzwa leo kwa bei ya kutisha ulihifadhiwa na ufukara.

Naruhusiwa kweli kupita katikati ya shamba la mtu?

Hili ndilo swali ambalo kila mgeni huuliza, na wengi huuliza wakiwa wamesimama getini, mguu mmoja ndani mmoja nje. Jibu ni ndiyo, mradi uko kwenye njia ya umma. Shamba ni la mwenyewe, lakini haki ya kupita ni ya kila mtu: raia, mgeni, mwenye viza ya miezi sita, wote sawa. Haki hiyo haitegemei ukarimu wa mkulima na haihitaji kuombewa ruhusa. Unaweza kupita ukitembea au ukikimbia, saa yoyote, mchana au usiku.

Haki hizi zimeandikwa. Sheria ya 1949 iliyoanzisha hifadhi za taifa ilizilazimisha pia mamlaka za kaunti kuchora ramani rasmi za njia zote za umma, na njia ikishaingia kwenye ramani hiyo, mwenye shamba hawezi kuifunga kwa kujiamulia. Uingereza na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia hizi. Anayelima shamba lenye njia katikati anatakiwa kuirudisha njia ionekane baada ya kulima, na mazao yake yakiota lazima aache nafasi ya angalau mita moja kwa wapitaji. Kwa hiyo ukikuta mstari umekatwa katikati ya ngano inayokufika kifuani, usihisi kama mwizi. Umekatwa kwa ajili yako.

Nje ya mashamba kuna ardhi nyingine, hasa milima, nyika na malisho ya pamoja kama Cleeve Hill, ambako sheria ya mwaka 2000 inakuruhusu kuzurura kwa miguu hata bila kufuata njia. Haki hii haikuletwa kwenye sinia. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana wafanyakazi kutoka Manchester na miji ya jirani walipanda Kinder Scout, mlima uliokuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri, wakapambana na walinzi, na watano kati yao wakafungwa jela. Wanaokimbia leo wanakula jasho la wale.

Ukitoka nje ya njia na nje ya ardhi huria, hapo umeingia kwa mtu. Kwa kawaida hilo ni kosa la madai, si la jinai, na mwenye shamba atakachotaka ni urudi ulikotoka. Omba radhi, rudi. Usianze kubishana sheria na mtu aliyeshika fimbo ya ng'ombe.

Nitajuaje njia ipi ni ya umma?

Kwa mishale. Kwenye nguzo za mageti utaona vibandiko vidogo vya mviringo. Mshale wa njano ni njia ya waenda kwa miguu. Wa buluu ni njia inayoruhusu pia farasi na baiskeli. Wa zambarau na mwekundu ni njia pana zaidi, na kwenye zile za mshale mwekundu hata gari linaweza kutokea. Alama ya tunda la mwaloni ina maana uko kwenye mojawapo ya njia kuu za taifa.

Mishale hudondoka, hufunikwa na miiba, na mara chache hugeuzwa na watu wenye roho mbaya. Kwa hiyo beba ramani. Ramani za Ordnance Survey za kipimo cha 1:25,000 huonyesha kila njia ya umma kwa vistari vya kijani, na pia kila ukuta wa shamba, jambo linalosaidia kuliko yote ukiwa umesimama mbele ya mageti matatu yanayofanana. Ya sehemu kubwa ya Cotswolds, ila si upande wa Bath, ni namba OL45. Ipo pia kwenye programu ya simu. Ipakue kabla ya kuondoka nyumbani, maana mabondeni mtandao hukatika.

Angalizo moja: mabango yote yako kwa maili. Maili moja ni kilomita 1.6, na ukisahau hilo, jioni utajuta.

Mimi si mzoefu. Nianze na njia gani?

Bourton-on-the-Water hadi Upper Slaughter na kurudi, kilomita saba au nane hivi. Bourton ni kijiji cha mto Windrush, ambao humo ni kina cha goti na unapita kando ya barabara kuu chini ya madaraja madogo ya mawe. Saa nne asubuhi kinajaa mabasi ya watalii. Fika saa moja. Vuka barabara, shika njia ya mashambani hadi Lower Slaughter penye kinu cha maji, kisha fuata kijito cha Eye hadi Upper Slaughter. Kipande hicho cha mwisho ni rahisi, kimejaa kondoo, na ni kizuri kiasi cha kukufanya usahau saa ya mkononi.

Upper Slaughter ina historia isiyotangazwa sana. Karibu kila kijiji cha Uingereza kina mnara wenye majina ya vijana waliouawa katika vita viwili vya dunia. Upper Slaughter ni miongoni mwa vijiji vichache mno ambavyo wote waliokwenda, vita vya kwanza na vya pili, walirudi hai. Baada ya kupita minara ya vijiji vingine na kusoma majina, mara nyingi ya ndugu wa tumbo moja, utaelewa uzito wake.

Na huo mto Windrush, ndio uliotoa jina la meli Empire Windrush, iliyoshusha mamia ya watu wa Karibi bandarini Tilbury mwezi Juni 1948. Kwa watoto wa wahamiaji Uingereza neno hilo ni historia ya kizazi kizima. Wengi wao hawajui kwamba ni kijito cha bata.

Na mwenye miguu tayari?

Hapa nina upendeleo wangu. Kati ya Winchcombe na Bourton kuna njia mbili zenye alama, kila moja kama kilomita 22. Wardens' Way inapita vijijini: Guiting Power, Naunton, zile Slaughter mbili. Windrush Way inakwepa vijiji na kupita juu vilimani. Nenda kwa moja leo, lala Bourton, rudi kwa nyingine kesho. Au chagua moja, halafu panga usafiri wa kurudi mapema. Wardens' Way ndiyo ningemchagulia mgeni, kwa sababu ukichoka kuna kijiji mbele, na kwenye kijiji huenda kukawa na chai.

Kutoka Winchcombe penyewe unaweza pia kufanya mizunguko mifupi yenye historia nzito. Upande mmoja, mwendo wa kilomita tatu au nne, kuna magofu ya abasia ya Hailes iliyoanzishwa 1246. Mahujaji walifurika huko kuona chupa iliyoaminika kuwa na damu ya Kristo, hadi mfalme Henry VIII alipozifunga nyumba za watawa, na zamu ya Hailes ikafika mwaka 1539. Upande wa pili, baada ya mpando utakaokutoa pumzi, kuna Belas Knap, kaburi la jamii lililojengwa kwa mawe na kufunikwa udongo zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Tazama ukuta wa lango lake: vipande vya mawe vilivyopangwa bila saruji, kwa namna ileile wanayojenga wakulima wa leo kuta za mashamba yao. Njiani unaiona ngome ya Sudeley, alikozikwa Catherine Parr, mke wa mwisho wa huyohuyo Henry.

Mzunguko mwingine ni Chipping Campden hadi Broadway, kama kilomita 10 kwenda tu. Unapanda Dover's Hill, unapita uwanda wa juu wenye upepo, unafika Broadway Tower, mnara uliojengwa mwishoni mwa karne ya 18 bila kazi yoyote ya maana ila kupendeza machoni. Chini ya ardhi jirani yake kuna handaki la enzi za Vita Baridi, ambamo watu wachache wangekaa kupima miale ya bomu la nyuklia. Kushuka kutoka mnarani hadi kijijini Broadway ni kwa kasi sana, linda magoti.

Vipi Cotswold Way yote, mwanzo hadi mwisho?

Kilomita 164, Chipping Campden hadi Bath, njia rasmi ya taifa tangu 2007. Watembeaji huigawa kwa wiki moja hivi. Wapo wanaoikimbia bila kulala. Mimi siwashauri watu waanze nayo, na sababu si urefu: inang'ang'ania ukingo wa mteremko wa magharibi, inashuka kijijini na kupanda tena, inashuka na kupanda tena, na ukishaanza kuhesabu kilomita unaacha kuona ulichokifuata. Ukiitaka, itafune vipandevipande kwa miezi.

Vipande vizuri: Painswick, mji mdogo wenye uwanja wa kanisa uliojaa miti iitwayo yew, iliyopunguzwa kwa maumbo ya duara (wenyeji husema ni 99, na wa mia hukataa kuota), North Nibley, penye mnara wa 1866 wa kumkumbuka William Tyndale, aliyeitafsiri Biblia kwa Kiingereza na kunyongwa kwa ajili hiyo, na kipande cha mwisho kinachopita uwanja wa vita wa Lansdown wa 1643 kabla ya kukushusha hadi mlangoni pa abasia ya Bath.

Nafikaje bila gari?

Kwa treni hadi Moreton-in-Marsh, kama saa moja na nusu kutoka London Paddington, kupitia Oxford. Kutoka hapo kuna mabasi ya kwenda Bourton na Chipping Campden. Basi la kijijini huku halisubiri lijae kama daladala: linaondoka dakika iliyoandikwa, hata likiwa na dereva peke yake, na linalofuata laweza kuwa baada ya saa mbili. Jumapili mengi hayapo kabisa.

Ndiyo maana napenda njia zinazoanza na kuishia stesheni. Kutoka Moreton unaweza kuzunguka Bourton-on-the-Hill, Sezincote na Longborough, takriban kilomita 12, bila kugusa basi. Kutoka stesheni ya Kemble, mbio fupi inakufikisha kwenye jiwe linaloonyesha chanzo cha mto Thames. Mara nyingi utakuta majani makavu, wala tone la maji. Na kutoka Bath Spa kuna mzunguko wa Bath Skyline wa kilomita 10, unaoutazama mji wote kutoka juu.

Nimekutana na ng'ombe. Nifanye nini?

Acha kukimbia. Mtu aliyekulia kwa wafugaji anaweza kuona haya kuambiwa habari za ng'ombe, lakini hawa hawana mchungaji. Wameachwa peke yao siku nzima, na mtu anayekuja mbio huwaamsha hofu au udadisi. Tembea, wazungukie kwa mbali hata kama ni kutoka kidogo kwenye njia, usipite kati ya mama na ndama, na usiwapigie kelele. Wakikufuata, wengi ni ndama wakubwa wanaotaka tu kuona wewe ni nani. Geuka, panua mikono, tembea polepole hadi getini. Watu hufa kwa ng'ombe nchini humu, hasa wakiwa na mbwa na ng'ombe wakiwa na ndama. Kama una mbwa na kundi linakujia, mwachie kamba. Atajiokoa, nawe utaokoka.

Sheria inakataza kuweka dume la aina ya maziwa lenye zaidi ya miezi 10 katika shamba lenye njia ya umma. Dume la nyama linaruhusiwa likiwa na majike. Kwa hiyo ukiona dume, usishangae, na usilisogelee.

Kondoo hawana shida, ila majira ya kuzaa, Machi na Aprili, wapite kwa utulivu. Na geti liache kama ulivyolikuta: lililofungwa lifunge, lililo wazi liache wazi. Mkulima akikuchukia, sababu itakuwa hii.

Viatu gani?

Vyenye meno. Novemba hadi Machi udongo wa mashamba hushika kiatu mpaka kila mguu una uzito wa tofali, na jiwe la chokaa likilowa linateleza kama limepakwa sabuni. Viatu vya lami viache nyumbani. Kiangazi, lolote litafaa.

Beba pia koti jepesi la mvua, filimbi, na soksi za ziada. Soksi ndefu au suruali nyepesi zinasaidia Juni na Julai, kwani kingo za njia hujaa mmea unaowasha kama upupu, na kwenye majani marefu kuna kupe. Jikague ukifika nyumbani. Ukiona duara jekundu linapanuka kwenye ngozi siku au wiki baadaye, nenda kwa daktari.

Msimu upi ni mzuri?

Mwishoni mwa Aprili hadi Juni. Misitu ya chini hujaa maua ya buluu, udongo umeanza kukauka, na mwezi Juni jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo unaweza kutoka kazini na bado ukakimbia. Oktoba nayo ni nzuri kwa rangi za majani. Desemba jua linazama kabla au karibu saa kumi jioni. Anza asubuhi, na tochi ya kichwani iwe mfukoni hata kama huna mpango nayo. Baridi yenyewe haitishi mtu anayekimbia. Ukisimama ukiwa umelowa jasho na upepo wa kilimani ukakukuta, hapo ndipo utaijua Uingereza.

Maji, chakula na choo?

Usinywe maji ya mtoni hata yakiwa safi machoni. Juu yako kuna kondoo mia. Maji ya bomba ni salama popote, na baa nyingi za vijijini zitakujazia chupa ukiomba kwa adabu. Jiko la baa mara nyingi hufungwa mchana na kufunguliwa tena jioni, basi usitegemee kufika saa tisa na kupata chakula. Asiyetaka kuingia baa atapata vyumba vya chai katika vijiji vikubwa, penye keki za kutosha kufuta faida yote ya mazoezi. Vua viatu vyenye matope mlangoni, ni jambo linalopendwa. Makanisa mengi huwa wazi mchana na ni mahali pazuri pa kujikinga na mvua.

Choo cha umma kipo Bourton, Broadway na miji kama hiyo. Vijiji vidogo, hapana.

Kama Mwafrika, nitaonwa vipi huko?

Utatazamwa. Nisikudanganye. Ni maeneo yenye wazungu karibu watupu, wengi wao wazee, na mtu mweusi anayekimbia peke yake shambani bado ni jambo ambalo baadhi ya watu huligeukia shingo. Mara nyingi linaishia kwenye kutazamwa, kisha salamu. Ajabu ya Waingereza ni kwamba wale wasiokusemesha London hata mkibanwa kwenye treni moja, wakikukuta kwenye njia ya mashambani husalimia wote. Anza wewe. Salamu kwetu si kitu kigeni, na huku inafanya kazi kubwa: inamwambia mtu kwamba unajua uko wapi na unakwenda wapi.

Ukiulizwa kama umepotea, huenda ni wema, huenda ni maulizo ya aina nyingine. Jibu ni lilelile: taja kijiji unakokwenda, endelea. Kwa anayependa kuwa na wenzake, kuna Black Trail Runners, shirika lililoanzishwa 2020 hasa kwa ajili ya watu weusi wanaotaka kukimbia njia za porini, na vilabu vya mbio viko karibu kila mji. Vingi hukupokea bila ada kwa mara za kwanza. Dada wanaokimbia peke yao wengi huacha ujumbe wa njia na saa ya kurudi kwa mtu wa nyumbani. Kaka nao wangefanya hivyohivyo.

Hayo majumba makubwa ninayoyapita ni ya nani, na fedha ilitoka wapi?

Swali zuri, na njia yenyewe inalijibu ukiwa tayari kutazama. Si yote ni sufu. Sezincote, karibu na Moreton, ina kuba la Kihindi la rangi ya kijani katikati ya malisho ya Kiingereza, nawe unaliona vizuri kutoka njia ya umma inayokata bustani yake. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya Charles Cockerell, aliyetajirika katika East India Company, kampuni ya Waingereza iliyofanya biashara India. Mbali kusini, Cotswold Way inapita kando ya Dyrham Park, nyumba ya William Blathwayt, ofisa aliyesimamia mapato ya makoloni ya Marekani na Karibi mwishoni mwa karne ya 17. Kati ya vitu vya nyumba hiyo kuna vinara viwili vya kuchongwa vya Waafrika waliopiga magoti, wamefungwa minyororo. National Trust, shirika la kuhifadhi majumba ya kale linaloimiliki nyumba hiyo, walitoa ripoti mwaka 2020 iliyotaja majumba yao 93 yenye uhusiano na ukoloni au utumwa, na kelele iliyofuata magazetini ilikuwa kubwa kuliko ripoti yenyewe.

Sasa upande wa pili. Huko Paganhill, pembeni mwa mji wa Stroud, kuna tao la mawe lililojengwa 1834 kuadhimisha kukomeshwa kwa utumwa katika himaya ya Uingereza. Ni geti la bustani ambayo haipo tena, sasa liko jirani na shule na nyumba za kawaida. Kutoka stesheni ya Stroud ni mbio fupi tu. Mimi naliona la thamani kuliko Broadway Tower, na hakuna basi la watalii linalosimama hapo.

Kuna mashindano?

Mengi. Kwa kuanzia, parkrun: kilomita 5, bure, kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Ilianza London mwaka 2004 ikiwa na wakimbiaji 13. Cirencester ipo, Cheltenham ipo, na ya Bath Skyline inapita msituni.

Dover's Hill kuna Olimpick, ndiyo, kwa tahajia hiyo: michezo iliyoanzishwa na Robert Dover mwaka 1612 na inayofanyika bado, Ijumaa ya baada ya sikukuu ya mwisho wa Mei. Kuna mbio, kuvuta kamba, na mchezo wa watu wawili kupigana mateke ya miundi wakiwa wamejaza majani makavu ndani ya suruali. Siku chache kabla yake, huko Cooper's Hill, watu hulikimbilia duara la jibini linalobingirishwa mlimani, na majeruhi hawakosekani. Katazame. Usishiriki.

Mbio za nyika zenyewe, zile ambazo Wakenya walichukua ubingwa wa dunia wa timu ya wanaume kila mwaka kuanzia 1986 hadi 2003, zilizaliwa kwenye mashamba ya namna hii, kwa wanafunzi wa Kiingereza waliocheza sungura na mbwa: mmoja anatupa vipande vya karatasi, wengine wanamfuata. Klabu ya Thames Hare and Hounds ya 1868 bado ina jina hilo. Mwaka 1995 mashindano ya dunia yalifanyika Durham, kaskazini mwa Uingereza, na Paul Tergat akashinda la kwanza kati ya mataji yake matano mfululizo.

Nikipotea au kuumia?

Kupotea si balaa hapa. Huwezi kukimbia saa nzima bila kukuta barabara au nyumba. Rudi hadi alama ya mwisho uliyoiona na uanze tena kutoka hapo. Kama umeumia, piga 999 au 112. Isajili simu yako kabla kwa kutuma neno "register" kwenda 999, ili uweze kuomba msaada kwa ujumbe mfupi pale sauti inapokatika. Taja namba za gridi kutoka kwenye ramani, au kijiji ulichotoka na unakoelekea, kisha vaa kila nguo uliyobeba na ukae ulipo. Filimbi: mipulizo sita, subiri dakika moja, rudia.